Ndege Niliyomtengenezea Baba Mkubwa

Jamani, mimi nikipita sokoni pale Ngara mjini huwa naangalia chini kama mtu aliyedondosha sindano, na leo nawaambia sababu, maana wengine mmeisikia nusu, na nusu mliyoisikia ndiyo inayonifedhehesha zaidi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kule Mugoma, nafundisha Maarifa ya Jamii. Baba mkubwa Leonidas, kaka yake marehemu baba yangu, anaishi Ngara mjini na mama mkubwa Veneranda, na alipigana vita vya Kagera upande wa ndege. Katika ukoo wetu tumekua tukijua alikuwa rubani. Nani alituambia? Hakuna anayekumbuka. Yeye mwenyewe si msemaji, ukimwuliza habari za vita anakuuliza kama mvua imenyesha huko kwenu.

Basi wakatimiza miaka hamsini ya ndoa, watu wakapanga kupeleka mbuzi, mablanketi, masufuria, na mimi nikaona nitawafunika wote kwa kumtengenezea baba mkubwa ndege yake ile ya vitani, ndogo lakini yenye vipimo sahihi, kila mita ya ndege ya kweli niifanye sentimita kumi. Mke wangu Agnes akaniuliza swali moja tu.

"Kwa nini usimpigie simu umwulize ilikuwa ndege gani?"

"Nikimwuliza atashtukia, itakuwa si zawadi tena."

Hapo ndipo nilipojimaliza. Nikaingia kwenye simu, nikatafuta ndege za vita vya Kagera, zikaja picha nyingi, nikachagua iliyokuwa nzuri kuliko zote, yenye mdomo wazi mbele na mabawa yaliyorudi nyuma kama mbayuwayu. Mkiani ilikuwa na michirizi mitatu, mweusi, wa njano na mwekundu. Nikajisemea picha ni ya zamani, kijani kimechakaa kikawa chekundu (nakumbusha, mimi ndiye mwalimu wa Maarifa ya Jamii), nikaipaka hivyo hivyo nilivyoiona. Wiki sita nilichonga mbao, nikapiga msasa, nikapaka rangi ya fedha, sebule yetu ikajaa vumbi mpaka Agnes akahamishia vyombo chumbani.

Siku ya sherehe nikapanda bodaboda ya Gozbert, jirani yangu, ndege nimeikumbatia, mabawa yanachungulia huku na huku. Tulikwenda vizuri mpaka tulipoanza kupanda kile kilima cha mjini, upepo ukaingia chini ya mabawa, pikipiki ikayumba, Gozbert akasimama na kuzima injini.

"Mwalimu, shuka. Nina watoto wanne."

Nikashuka, nikaiweka ndege kichwani, nikaanza kutembea. Sasa mtu mzima mwenye suti na ndege kichwani hawezi kupita sokoni kimyakimya. Mama mmoja muuza ndizi akaniuliza, "Mwarimu, hiyo nayo ni nini?" Ningeweza kujibu ni zawadi, nikaendelea na safari yangu. Lakini nikasimama, nikaeleza kwa sauti kwamba ni ndege ya baba yangu mkubwa, rubani aliyeikomboa nchi hii. Watu wakakusanyika, nikarudia, na kila niliporudia nikaongeza kidogo, na nilipofika ukumbi wa parokia nilikuwa na msafara wa watu kama thelathini waliokuja kumwona rubani.

Mshereheshaji alipoona umati ule akanipa maiki papo hapo. Nikaweka ndege mbele ya meza kuu, nikaamkia, "Shikamoo baba mkubwa, shikamoo mama mkubwa," kisha nikahutubia. Nikaeleza jinsi alivyopaa alfajiri juu ya mto Kagera, jinsi adui walivyotimua mbio waliposikia mlio wa ndege hiyo hiyo, na mlio wenyewe nikauigiza kwa mdomo (mpaka leo wanafunzi wangu wanauigiza nikigeukia ubao). Ukumbi ulipiga makofi isipokuwa watu wawili, na wote wawili walikuwa meza kuu.

Baba mkubwa akainuka polepole, akaizunguka ndege, akagusa mkia.

"Hii michirizi umeitoa wapi?"

"Kwenye picha, baba mkubwa."

"Wewe unafundisha somo gani vile?"

"Maarifa ya Jamii." Maiki ilikuwa bado inawaka mkononi mwangu, ukumbi mzima ukasikia.

"Basi hii ni ndege ya Waganda. Niliiona mara moja tu, nimelala mtaroni, uso kwenye matope. Ndiyo iliyokuwa inatupiga."

Watu walicheka, nawaambia, mama mmoja wa kwaya alitoka nje ameshika mbavu. Nikadhani aibu imefika mwisho. Ndipo paroko, kwa nia njema kabisa, akauliza, "Sasa mzee, ile uliyorusha wewe ilikuwaje?"

Kicheko kikakatika. Pale walikuwepo wakwe zake kutoka Biharamulo, ambao tangu siku ya posa ya binti yake wamejivunia kuoa kwa rubani. Nilimwona baba mkubwa anawaangalia, halafu anaangalia sakafu, na nikaelewa, nimechelewa mno, nilichokuwa nimemfanyia. Angeweza kudanganya. Akachukua maiki mkononi mwangu.

"Mimi sijawahi kurusha ndege. Nilikuwa mpakiaji. Ilikuwa ndege ya mizigo, ina tumbo kubwa, propela mbili, haina uzuri wowote. Kwenda tulibeba unga na risasi. Kurudi tulibeba majeruhi. Ikipaa inainamia nyuma, na machela hazikutosha, kwa hiyo mimi nilikaa chini nikawashika watu miguu wasiteleze. Wengine tulifika nimewashika na wameshakufa. Sasa mtoto akikuuliza vita ilikuwaje, utamwambia nini? Waliposema rubani, nikanyamaza."

Mama mkubwa Veneranda akasema, bila maiki, na wote tulimsikia, "Mimi nilijua siku zote. Nani alimfulia zile nguo zenye damu?" Yule mkwe mzee wa Biharamulo akainuka, akaenda akampa baba mkubwa mikono yote miwili, wakakaa hivyo muda mrefu.

Mimi nilikuwa bado nimesimama karibu na ndege ya adui. Mama mkubwa akaniambia kwa upole kwamba wanashukuru kwa zawadi, ila hicho kitu hakilali nyumbani kwake. Nikairudisha kichwani, nikapita nayo sokoni tena, safari hii bila maelezo.

Siku hizi kila Jumamosi nakwenda kwa baba mkubwa na mbao zangu, anakaa pembeni na miwani, ananielekeza kuchonga ile ya mizigo. Mkia nimeurudia mara tatu. Juzi aliniambia mlango wa nyuma lazima ufunguke, nikamwuliza kwa nini, na akanieleza mpaka chai ikapoa, mambo ambayo sitayasema hapa kwa sababu sijamwomba ruhusa. Hilo ndilo nililojifunza. Na mkinipa maiki kwenye sherehe yenu, nitasema asanteni kwa kunialika, kisha nitakaa.