Mama Sentimita na Mgongo wa Ziwani

Swali la kwanza lilimkuta hata kiatu cha pili hajakivua. Mpima maji hushuka ngazi za gati miguu mitupu, suruali kaikunja hadi magotini, ili asome namba kwenye nguzo ya kipimo kabla boti hazijaanza kuyavuruga maji. Asubuhi hiyo alikuwa bado ameinama, kiatu kimoja mkononi, mgeni mwenye kamera akaja kumsimamia kichwani.

"Samahani dada, Mgongo huwa anatokea upande gani?"

"Upande wa wasio na kazi," alijibu, akavua kiatu cha pili.

Haikuwa adabu, na mwenyewe alijua. Lakini swali moja likikupigia hodi kila asubuhi kwa miaka ishirini na saba, adabu nayo huchoka ikaenda kulala.

Watu wa ziwa lile wanaamini majini kuna dude. Wanaliita Mgongo, kwa sababu katika wote walioliona hakuna hata mmoja aliyeona kichwa, mkia wala mguu. Ni mgongo tu, mweusi na mrefu, unaibuka kwenye maji yaliyotulia, unakaa kidogo, unazama. Mpima maji alikuwa na mawazo yake kuhusu mnyama asiye na mwanzo wala mwisho, na mawazo hayo hakuyafanya siri.

Kazi yake ilikuwa nyepesi kuielezea na ngumu kuifanya kila siku ya Mungu. Asubuhi na jioni kusoma kina. Mara mbili kwa wiki kushusha kipimajoto kwa kamba mpaka chini kwenye giza. Kila Jumatatu kubadilisha karatasi ya mashine ya kalamu, ambayo ni boya lililo ndani ya bomba la chuma: maji yakipanda boya linapanda, na kalamu inachora mstari kwenye karatasi iliyozungushiwa kopo linalogeuka polepole. Karatasi za zamani zilijaa masanduku ya bati katika chumba cha nyuma cha ofisi. Kwa kuwa alipenda kupima hata pasipohitaji kupimwa, mji mzima ulimwita Mama Sentimita. Alipojifungua mwanawe wa kwanza, muuza samaki wa pale gatini alikuja kumpa hongera, akauliza mtoto amekuja na sentimita ngapi. Akamtajia. Ndiyo mwanzo wa jina.

Na kuhusu huyo Mgongo, alishaeleza. Jamani, alishaeleza! Alieleza kwamba mito inaleta magogo, magogo yanalowa yanazama, yanaozea chini, gesi inajaa ndani ya mbao mpaka siku moja gogo linapanda juu lenyewe, linatema gesi, linarudi chini. Mgongo huo. Alieleza habari za fisi maji, wanyama wadogo wa majini wanaoogelea watano kwa mstari, huyu anazama yule anaibuka, na ukiwatazama kwa mbali utaapa ni nyoka mmoja. Alieleza kwamba wimbi la feri hufika ufukweni robo saa baada ya feri kupita, wakati watu wamekwisha kuisahau, wakaanza kuulizana nani katikisa maji. Asubuhi za baridi alimshika mtu mkono, akamwonyesha ndege wa kawaida kabisa ambaye hewa ilimrefusha shingo hadi akatisha, akamwambia subiri jua lipande. Jua likapanda, ndege akarudi kuwa ndege. Yule mtu akasema, "Ahaa, kumbe Mgongo anaweza kujigeuza ndege!"

Kuna siku alimweleza muuza samaki kituo kwa kituo, magogo, fisi maji, feri na ndege, hata koo likamkauka. Mama wa watu alisikiliza vizuri sana huku akiparua magamba.

"Nimekuelewa, mama," alisema mwishowe. "Ila lisemwalo lipo, kama halipo, laja."

"Tangu enzi za bibi yako laja, laja. Limepanda kobe?"

"Wewe cheka tu. Baba yako mwenyewe alimwona."

Hapo ndipo walipommalizia kila mara. Maana wa nje unaweza kumwachia Mungu, lakini wa ndani je?

Baba yake alikuwa fundi cherehani mstaafu, mzee wa miaka sabini na minne, mkavu, shati limepigwa pasi hata siku ya kukaa nyumbani. Tangu mama afariki alihamia kwa binti yake, na cherehani yake akaja nayo. Asubuhi alishona kiraka hiki na pazia lile. Saa nne ilipofika alichukua kiti cha plastiki, akakiweka mlangoni pa ofisi ya binti yake, chini kabisa ya kibao cha "Idara ya Maji", akaanza kuwasimulia wageni habari za Mgongo. Bure. Bila hata kuombwa.

Simulizi yenyewe ilikuwa fupi, na hakuibadilisha neno. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, siku ya pili tangu shule zifungwe. Alitumwa ziwani kuosha vyombo, na mdogo wake wa kike wa miaka sita akamfuata. Hakukuwa na upepo hata wa kuyumbisha jani. Mgongo akaibuka hatua kumi kutoka ufukweni, mweusi, akitokwa na povu, na maji yakaanza kujaa. "Nikageuka, hayupo." Mtoto alipatikana kesho yake ng'ambo ya ghuba.

Wageni walishika vifua. Ndani, binti mtu, ambaye huyo mtoto wa miaka sita alikuwa shangazi yake, alikaza meno akaendelea kujaza daftari. Kwa nini hasira? Kwa sababu alimpenda baba yake, na kila saa nne baba yake alikibomoa alichokijenga yeye tangu saa moja. Mara nyingine alishindwa kuvumilia, akatoa kichwa dirishani: "Lilikuwa gogo, wageni wangu! Gogo!" Mzee hakugeuka. "Huyo ni binti yangu," aliwaambia wageni. "Amesoma sana, masikini."

Basi ikaja barua kutoka makao makuu. Idara ingesimamisha ubao wa maelezo pale ufukweni, mkubwa, wa bati lililopakwa rangi, kueleza sababu za kisayansi za Mgongo, na maandishi ayatunge yeye. Mama Sentimita aliisoma barua mara tatu akiwa amesimama. Miaka ishirini na saba akimpigia mbuzi gitaa, leo angalau gitaa lingeandikwa kwenye bati! Alitunga wiki nzima. Alieleza mambo manne, na la tatu lilikuwa gogo. Kwa kuwa baba yake ndiye aliyemfundisha kusoma, alimpelekea karatasi aipitie.

Mzee alivaa miwani, akaisoma yote, kidole kikifuata mstari. Kisha akaitandaza juu ya cherehani.

"Futa hili la tatu."

"Baba, hilo ndilo lenyewe. Magogo ndiyo mengi kuliko yote."

"Mengine acha. Fisi maji acha, sina ugomvi nao. Hili futa."

"Nifute kwa sababu gani? Kwa sababu wewe hulitaki? Watoto wa shule watasoma pale, baba. Unataka nao wazeeke wakiogopa kuni?"

"Nimesema futa."

"Lilikuwa gogo, baba! Hata siku ile lilikuwa gogo! Ni lini utakubali?"

Mzee akasimama. Cherehani ikatikisika, sindano zikamwagika sakafuni.

"Mimi sikukimbia gogo!" alisema.

Mpima maji alikuwa ameisikia simulizi ile tangu akiwa tumboni, na kukimbia hakukuwamo. Palikuwa na kuosha vyombo, palikuwa na povu, palikuwa na "nikageuka, hayupo." Aligeuka akiwa wapi, hakuwahi kujiuliza. Sasa alimwona, kitoto cha miaka kumi na mmoja kinakimbia kupanda mchanga peke yake, nyuma yake kuna anayemwita kaka. Mbele ya dude la kutisha hata mtu mzima angekimbia, nani atamlaumu? Lakini mtu aliyemwacha mdogo wake akakimbia kipande cha mti?

Na yeye, tangu mzee ahamie kwake, alikuwa akitoa kichwa dirishani kumpigia kelele za gogo mbele za watu. Aliona aibu hadi masikio yakamuwaka moto. Aliinama akaokota sindano moja moja. Baba yake akaingia chumbani kwake.

Saa nne ya kesho yake kiti cha plastiki hakikuja. Wala keshokutwa yake. Wageni walimuulizia, naye akawajibu kwa ukali kuliko kawaida yake, na kawaida yake yenyewe ilikuwa ya kutosha. Siku ya tatu, akimpelekea mzee chai, alimuuliza kama mtu anayeuliza bei ya vifungo:

"Ilikuwa tarehe ngapi, baba?"

Mzee aliitaja pale pale, siku, mwezi na mwaka. Mtu hasahau.

Mchana ule Mama Sentimita alifunga mlango wa ofisi, akaingia chumba cha nyuma. Masanduku yalikuwa yamepangwa kwa akili ya mtu aliyekwisha kufa. Mwaka huu chini ya ule, kifuniko kimeshikwa na kutu, mende wamefanya makazi. Alipiga chafya, akalaani waliomtangulia kazini mmoja mmoja, akalifungua sanduku la saba. Karatasi ilikuwepo, imekuwa ya manjano. Mstari wa kalamu ulitembea Jumatatu, ukatembea Jumanne, mnyoofu. Jumatano alasiri ukapanda wima. Sentimita arobaini na moja kwa dakika tisa. Ukashuka chini kuliko ulipoanzia, ukapanda tena, ukashuka, mpaka ukachoka. Pembeni, mpima maji wa zamani hizo alikuwa ameandika kwa penseli, herufi zimebanana: "Hapa hakuna upepo. Kalamu nimeikagua, ni nzima."

Akakaa juu ya sanduku, karatasi magotini. Jambo lenyewe alilijua kitabuni. Upepo ukivuma kwa nguvu upande mmoja wa ziwa, unayasukuma maji yarundikane huko. Ukikata ghafla, maji yanarudi yote kwa pamoja hadi upande wa pili, ambako hata jani halikutikisika. Ni sawa na kubeba beseni la maji ukasimama ghafla. Na maji yanayorudi hivyo yanakwangua chini, yanaamsha kilicholala, hata magogo.

Aliondoka na karatasi ile bila kutia saini popote, kosa ambalo kwa mwingine angeliandikia barua ya onyo. Mzee alikuwa kwenye cherehani, anapinda pazia ambalo lilikwisha kupindwa. Akaitandaza mbele yake, akamwonyesha. Siku ile. Saa ile. Alieleza habari za beseni, taratibu, kwa mara ya kwanza bila kupandisha sauti.

"Kwa hiyo maji yalikuja yenyewe," alisema mzee.

"Yenyewe. Yakaja na gogo, halafu yakarudi nyuma kwa nguvu."

"Yeye maji yalikuwa yamemfika magotini."

"Yangemfika mtu mzima mapajani, baba, na yakirudi yanamwangusha."

Mzee alipitisha kidole kwenye mstari, ukipanda na ukishuka.

"Na kama ningebaki, nimshike mkono?"

Alitaka kumjibu harakaharaka, amtulize. Lakini hakuwa mtu wa kutuliza. Alikuwa mtu wa vipimo, na safari hii vipimo vilikuwa upande wao. Alimuuliza alikuwa na kimo gani, ufuko ulikuwa na mteremko gani, akapiga hesabu nyuma ya karatasi ya vipimo vya pazia.

"Mngekwenda wote wawili," alisema.

"Una hakika?"

"Ninayo karatasi."

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa pindo la pazia, akachukua muda mrefu kuifuta. Alipoivaa tena, uso ulikuwa umekunjamana kwa hasira.

"Miaka yote hii," alisema, "unafungua lile dirisha unanipigia kelele. Na karatasi hii iko kwenye sanduku nyuma ya mgongo wako?"

"Sikujua, baba."

"Hukuwahi kuniuliza siku!"

Ilikuwa kweli. Alikuwa amemweleza kila mpita njia, na mtu pekee aliyehitaji maelezo hayo alikaa mlangoni pake kila saa nne, naye hakuwahi kumuuliza hata tarehe.

Siku ya kufunua ubao watu walijaa ufukweni, muuza samaki mbele kabisa. Jambo la tatu lilibaki palepale. Mzee mwenyewe alisema liachwe. Mama Sentimita alisoma yote manne kwa sauti, watu wakapiga makofi ya heshima, kisha wakamgeukia mzee kwenye kiti chake cha plastiki wapate habari kamili.

Naye akawapa. Shule zimefungwa. Vyombo. Hakuna upepo. Mgongo akaibuka, na akapandisha maji, wageni wangu, sentimita arobaini na moja kwa dakika tisa, binti yangu hapa anayo karatasi ya serikali. Mpima maji alifumba macho. Mungu wangu! Sasa Mgongo amepata na vipimo! Alivuta pumzi afungue kinywa.

"Nikakimbia," alisema baba yake.

Muuza samaki akaacha kutafuna.

"Aliniita, nikakimbia. Nilipofika juu nikageuka, hayupo."

Aliweka mikono juu ya magoti, akiwatazama watu ambao hawakujua watazame wapi. Mgeni mmoja, kwa kukosa la kufanya, akamgeukia Mama Sentimita aliyesimama kando ya ubao.

"Mama, ni kweli hayo?"

"Maji yalipanda kiasi cha sentimita arobaini," alisema. "Na yeye alikuwa mtoto."

"Arobaini na moja," alimsahihisha baba yake.