Mistari Iliyokatika

Enzi zetu, sisi tuliokulia Ngara miaka ile ya wakimbizi, tulikula ugali wa unga wa njano mpaka tukausahau mweupe. Tulicheza rede barabarani kwa mpira wa matambara. Lori likija tunatawanyika, likipita tunarudi na vumbi jekundu hadi kwenye kope. Watoto wa siku hizi wakiguswa na vumbi kidogo wanaulizia dawa ya mafua.

Baba yangu alikuwa karani katika ofisi ya kuwatafuta waliopotezana. Ofisi yenyewe ilikuwa hema lenye meza mbili, jenereta na printa ya wino, ya kwanza sisi kuiona. Kila Alhamisi alichapa orodha ya wazazi na watoto waliokuwa wakitafutana kambi kwa kambi. Lakini lile vumbi letu liliingia hata kwenye vitundu vidogo vinavyotoa wino, likaviziba. Kwa hiyo kabla ya orodha Baba alichapa karatasi ya majaribio yenye mistari myembamba kama nywele. Mstari ukikatika, kuna kitundu kimeziba. Basi alipangusa kwa kitambaa safi na maji ya uvuguvugu, akajaribu tena. Macho yake yalikuwa yamechoka, hivyo kazi ya kukagua akanipa mimi.

"Macho yako bado mapya," aliniambia. "Angalia mmoja mmoja, mwanangu, usiruke."

Niliipenda kazi ile. Niliinua karatasi kwenye mwanga wa mlango wa hema, wino ukinukia, nikajiona mtu mzima.

Rafiki yangu Spesioza alikuwa amempoteza mama yake njiani walipokuwa wakikimbia, akapokelewa na shangazi yake, jirani yetu. Kila Alhamisi alisimama mbele ya ubao wa kubandikia orodha wakati katekista akisoma majina kwa sauti, maana wengi hawakujua kusoma. Katekista huyo alikuwa na sharti lake. Aliwahi kukisia jina lililofifia, mwanamke akapiga vigelegele kwa ajili ya mtoto asiye wake. Tangu hapo alisema, "Jina la mtu halikisiwi," na lisilosomeka aliliacha.

Alhamisi moja wenzangu waliniita rede, na Baba akanipa karatasi. Niliitupia jicho tu.

"Yote mizima, Baba," nikasema, nikakimbia.

Orodha ilitoka na michirizi myeupe. Lori la kupeleka nakala lilikuwa likipiga honi, Baba akaibandika hivyohivyo. Jioni katekista alisoma, na kila penye mchirizi akasema, "Hapa hapasomeki," akaendelea. Spesioza alirudi nyumbani bila kusikia jina la mama yake. Mimi siku hiyo nilikuwa nimeshinda rede.

Wiki iliyofuata Baba alikagua mwenyewe, akapangusa, akachapa upya. Jina la mama yake Spesioza likasomwa la tatu, palepale palipokuwa na mchirizi: alikuwa kambi ya upande wa Nyakahura. Nikamwazima gauni langu la kanisani, wakapanda lori asubuhi iliyofuata yeye na shangazi yake.

Walirudi kesho yake. Shangazi alitueleza kwamba mama alikuwa mgonjwa, naye alizikwa Jumanne. Wiki yote ile aliwauliza waliomuuguza kama mwanawe amejibu.

Baba aliitafuta ile karatasi yangu, akaiona mistari iliyokatika. Hakunichapa. Alikwenda kwa shangazi akasema yeye ndiye ambaye hakuangalia vizuri, na kunipa tena kazi ile hakunipa. Heri angenichapa.

Leo nina duka dogo la kuchapa na kutoa nakala pale Nyakanazi. Binti anayenisaidia hunisikitikia: "Mama, mashine za sasa zinajisafisha zenyewe." Vijana hawa wanatafutana kwa simu na kupatana kabla chai haijapoa; mtu asipojibu kwa saa moja, wanasema amepotea. Sibishani nao. Naipeleka karatasi mlangoni, naangalia mmoja mmoja.

Spesioza anaishi Nyamigogo, hupita dukani kuchapisha fomu za shule za wanawe. Akinikuta mlangoni na karatasi hucheka, "Wewe na mistari yako, utazeeka nayo." Nami hucheka naye. Miaka yote hii sijaweza kumwambia.