Mlango wa Uani Uliozibwa

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupanga ukuta kwa ukuta kabla hatujajuana majina, akanipa umri wa kuona mengi na kifua cha kuyahifadhi. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, aliyeusiwa habari za jirani hata akadhani jirani atapewa fungu katika urithi. Baada ya hayo, msomaji wangu, sogea karibu. Nina jambo la mtaa wetu wa zamani, na silisemi ili kumtia mtu aibu. Wenyewe wote wametangulia mbele ya haki.

Mwezi uliopita nilikwenda Tabora kwenye sherehe ya posa ya mjukuu wangu. Vijana walikodi nyumba yenye uwanja mzuri wa kupokea wageni, na gari liliposimama mlangoni nikaitambua. Ilikuwa nyumba ya bibi yangu. Mwenye nyumba wa sasa, kijana mpole, ameutengeneza uani kwa mtindo wa siku hizi: vigae chini, miavuli mikubwa, taa za rangi, jiko la kuchomea nyama pembeni, viti vyenye mito ambavyo ukikaa unashindwa kuinuka. Ni pazuri, sikatai. Akanizungusha kunionyesha, tukafika ukuta wa upande wa machweo.

"Bibi, ukuta huu unanisumbua," akasema. "Kila tukipaka rangi ufa unarudi palepale. Tazama, utadhani umbo la mlango."

Nikautazama ufa ule: ulipanda, ukavuka, ukashuka.

Wakati wa Mwingereza, nilipokuwa mtoto, nyumba ile ilisifiwa mtaa mzima. Zamani ilikuwa tembe, nyumba ndefu ya udongo yenye paa tambarare, iliyojengwa na baba yake bibi kwa mali ya misafara ya kwenda Ujiji na kurudi pwani. Baadaye iliezekwa bati, lakini mlango wa mbele ulibaki uleule wa mbao za kuchonga, mzito hata mtoto hawezi kuusukuma peke yake. Uzuri hasa ulikuwa uani. Kuta tatu zilikuwa na baraza za udongo zilizopakwa chokaa, sakafu ilikuwa ya udongo mwekundu uliopondwa kwa miti na wanawake walioimba mpaka ukawa mgumu kama jiwe. Palikuwa na mkomamanga mmoja na asumini iliyopanda juu ya nguzo.

Alasiri kazi yangu ilikuwa kunyunyiza maji ili vumbi lilale, kisha kufagia, kisha kutandika mikeka. Harufu ya udongo uliolowa mpaka leo ikinipata njiani nasimama. Bibi alitia ubani kwenye chetezo, kahawa ikakaa juu ya makaa, na wanawake wa mtaa wakaanza kuingia mmoja mmoja, wamekunja kanga zao kwapani. Kulikuwa na kashata za karanga, na mkate wa kumimina uliochovywa katika asali ya Sikonge. Filimbi ya gari moshi la Kigoma ilipolia, bibi alisema, "Haya, dunia inapita. Sisi tunywe kahawa." Na jua likishuka karabai iliwashwa, ikavuma kama nyuki.

Katika ukuta ule wa machweo palikuwa na mlango mdogo, mfupi, mtu mzima alipita ameinama. Mimi sikuinama, kwa kuwa nilikuwa mdogo, nikaudhani ni mlango wangu. Upande wa pili aliishi jirani yetu. Mama yangu mzazi alifariki siku aliyonizaa, na jirani huyu alikuwa na mtoto mchanga, basi akanichukua akaninyonyesha pamoja na wake. Kwa dini yetu aliyekunyonyesha ni mama, na watoto wake ni ndugu zako. Kwa hiyo nilimwita mama, naye aliniita mwanangu. Nililala kwa bibi, nikala kwa mama, na mlango ule haukuwa na komeo.

Kitu nisichokijua wakati ule ni sababu ya mlango wenyewe kutobolewa. Mama yake jirani aliletwa Tabora na msafara kutoka ng'ambo ya ziwa, akiwa msichana aliyefungwa kamba, na aliyemnunua alikuwa baba yake bibi. Alipoachiwa huru alipewa kile kiwanja cha nyuma ya ukuta, na mlango ukatobolewa ili aendelee kuja kupika bila kupita mbele ya wageni. Wazee wakafa, mabinti wakakua pamoja, wakaazimana chumvi na watoto, na hakuna aliyeutaja tena mwanzo wa mlango ule. Wote walidhani umesahauliwa.

Basi ikaja harusi ya shangazi yangu. Mume alitoka katika familia yenye jina, watu wa Ujiji, na bibi aliitengeneza nyumba kana kwamba anaolewa yeye. Chokaa ilipakwa upya, mikeka mipya ikatandikwa, mito ya hariri ikatoka kwenye masanduku. Masufuria makubwa yalipikiwa upande wa pili, kwa mama, maana uwanja wake ulikuwa mpana na bibi hakutaka moshi uani kwake. Mama alisimamia upishi tangu alfajiri. Pilau ilipoiva akavaa kanga mpya, doti aliyoninong'onezea kwamba ameiweka kwa siku hiyo, akapita mlangoni ameinama, akiwa amebeba birika la chai ya tangawizi.

Uani ulikuwa umejaa. Wanawake walikuwa wakimtania bwana harusi asiyekuwepo. "Ana shingo kama korongo!" "Afadhali ya korongo, wako ana kisigino cha jembe!" Kicheko kikapanda mpaka juu ya bati. Shangazi mkubwa wa bwana harusi, aliyekaa kwenye mto wa kati, akapokea chai, akaonja.

"Wee mama wa jikoni," akasema, "chai hii baridi kama maji ya kisima. Rudi ukaongeze kuni, mwaya!"

Watu wakacheka, wa kwetu kidogo, wa kwao sana. Kisha mgeni akamgeukia bibi, akauliza bila ubaya wowote, kama mtu aulizaye bei ya mkeka, "Huyu ni mtumwa wenu wa zamani?"

Mama alisimama pale na birika mkononi, akimtazama bibi. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa anangoja tu. Neno moja lingetosha: huyu ni ndugu yangu, huyu ndiye mama wa mjukuu wangu. Bibi akaitengeneza kanga yake begani. Akalitazama sinia. Akanyamaza.

Mama aliinama akarudi. Akaongeza kuni. Alipakua chakula chote mpaka mgeni wa mwisho akashiba, akaosha masufuria, akayafunika kifudifudi. Siku zilizofuata akaita fundi, naye akaanza kuuziba mlango kutoka upande wa mama. Bibi alikuwa amekaa barazani akichambua mchele. Alisikia mwiko ukigonga tofali, akaendelea kuchambua, hata ulipokuwa hauna tena chuya wala jiwe.

Ijumaa bibi akapakua wali kwenye sahani nzuri yenye ukingo wa buluu, akaniagiza niipeleke. Nikazunguka kwa barabarani, mara yangu ya kwanza kufika kwa mama kwa njia ile. Akanipokea, akanibusu, akanilisha. Nikamwuliza, "Mama, umetukasirikia?"

"Wewe? Wewe umenyonya ziwa langu. Njoo usiku na mchana," akasema. "Lakini njoo kwa mlango wa mbele, kama watu wanavyokwenda kwa watu."

Kisha akaniletea sahani. Ilikuwa imeoshwa ikang'aa, na ilikuwa tupu. Msomaji wangu, katika mtaa wetu sahani haikurudi tupu. Hata maskini alitia ndimu moja, au chumvi ya kufinya. Bibi aliipokea akaigeuza chini juu, kama anayetafuta kitu kilichogandia kwa chini. Jioni ile hakunywa kahawa.

Baada ya muda alivaa buibui akaenda mwenyewe kwa mama, saa ya jua kali ambapo njia haina watu. Nilifuatana naye. Wakaketi, wakajuliana hali, kisha bibi akasema, "Mwenzangu, yale ya mgeni yasikukae moyoni. Mgeni ni mgeni."

"Mgeni simlaumu, hakunijua," mama akajibu. "Wewe ulinijua."

"Basi nisamehe."

"Hapa tuko wawili na mtoto, dada. Siku ile tulikuwa uwanja mzima."

Bibi akainuka. Njiani alinishika mkono kwa nguvu hadi ukaniuma, nami sikuuvuta.

Nilipata shida, mtoto mimi. Chuoni, mwalimu wetu wa Kurani alitufundisha haki ya mama, akatufundisha haki ya jirani, na kila aya niliona kama inasomwa nyumbani kwetu. Siku moja nikabaki nyuma nikamwuliza nifanyeje, kwa kuwa bibi na mama hawasemezani. Akaufunga msahafu taratibu. "Waamkie wote wawili kila asubuhi," akasema. "Mengine yana Mwenyewe." Nikafanya hivyo. Shikamoo bibi, kisha mbio kuzunguka barabara, shikamoo mama. Marahaba hii na marahaba ile, na katikati ukuta.

Uani ulibaki mzuri, lakini wanawake wakaanza kupungua. Waliona haya kunywa kahawa upande huu huku upande wa pili mwenzao anasikia vikombe. Ramadhani ikaingia, nyingine ikafuata. Jioni tulisikia mchi wa mama ukitwanga, na harufu ya maandazi yake ikavuka ukuta bila kuomba ruhusa. Bibi alikuwa akiacha kula, akasikiliza. Kila mwaka alipaka chokaa upya, na kila mwaka alisema, "Maulidi haya nitasema." Maulidi yakafika, wageni wakajaa, naye akatengeneza kanga begani. Uani wenyewe ulimshinda. Alikuwa ameupamba ili watu wamsifu, na pale kati ya watu wa kumsifu hakuweza kusema kosa lake.

Kisha akaugua. Nilikuwa nimeshaanza kujifunga kanga ya kikubwa. Asubuhi moja aliniambia nitandike mikeka yote, nimwite kila mwanamke wa mtaa. "Na mama yako," akasema. Nilizunguka nikamwita. Mgonjwa hutembelewa, na mama alikuwa mtu wa dini. Alikuja kwa mlango wa mbele, akaketi karibu na mkomamanga, ameikunja miguu.

Tulimtoa bibi nje na kitanda chake cha kamba. Hakukuwa na kahawa wala ubani. Akawatazama wote, sauti ikatoka nyembamba.

"Siku ya harusi ya binti yangu, hapa hapa, mgeni aliuliza kama huyu ni mtumwa wetu. Mlikuwepo. Huyu ni ndugu yangu. Amenilelea mjukuu kwa maziwa yake. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu niliona haya mbele ya wageni. Sikumwonea haya Mungu. Nimekosa, na ninyi mnisikie."

Macho yote yakaenda kwenye mkomamanga. Mama akainuka.

"Nimesikia, dada," akasema. Akatoka kwa mlango wa mbele.

Bibi alifumba macho. Nadhani alifikiri ndiyo mwisho. Lakini kabla ya alasiri mtoto wa mama, ndugu yangu wa kunyonya, alibisha hodi akiwa na sahani iliyofunikwa kwa kawa. Ndani palikuwa na maandazi, moto bado. Bibi, ambaye kwa siku kadhaa alikuwa akimeza uji tu, akaomba aketishwe. Akala andazi polepole, akalamba vidole. Akasema, "Sahani hii isirudi tupu." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho ninayoyakumbuka akiwa na akili timamu. Mwenyezi Mungu akamchukua siku hizo hizo. Mama ndiye aliyekuja kumwosha. Na sahani ilirudi, nami niliibeba, ikiwa na wali wa hitima. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akaketi chini pale pale mlangoni.

Baada ya tanga baba yangu mdogo, mwana wa bibi, akamwuliza mama kama sasa abomoe tofali, mlango ufunguliwe. Mama akatikisa kichwa.

"Uache," akasema. "Tumesameheana, alhamdulillahi. Lakini ule mlango ulitobolewa ili mama yangu apite ameinama. Atakayenipenda anajua njia ya kuzunguka."

Tukazunguka mpaka mwisho wa maisha yake. Si mbali.

Basi nikarudi kwa yule kijana na ukuta wake. Akaniambia amenunua na kiwanja cha nyuma, atajenga jiko kubwa, na anafikiri atoboe mlango hapo kwenye ufa. "Wahudumu walete chakula bila kupita katikati ya wageni," akasema. "Ndivyo zinavyojengwa siku hizi."

Nikamwomba anisaidie kuketi. Nikamsimulia kama nilivyokusimulia wewe. Muziki ulikuwa juu, alinamisha kichwa anisikie. Nilipomaliza akainua kichwa. Akapita msichana wa kugawa vinywaji, kijana akamwita, akamwuliza jina lake, kisha akanigeukia. "Bibi, huyu anaitwa hivi," akanitajia, kwa aibu kidogo, kama mtu aliyejifunza jambo ambalo alipaswa kulijua jana. Kama atautoboa ukuta ule au ataacha, sikumwuliza.

Mkomamanga haupo. Asumini haipo, baraza za udongo zimebomolewa, na mikono iliyoponda sakafu ile iko chini ya udongo mwingine. Mtaa mzima uliokuwa ukijua sahani ya nani ina ukingo gani umekwisha. Kilichobaki ni ufa, na rangi haijauweza.

Ewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akupe nyumba yenye nafasi na moyo wenye nafasi zaidi. Akupe jirani mwema, na akujaalie kuwa jirani mwema. Siku ukiulizwa mbele za watu, "Huyu ni nani wako?" akufungue ulimi upesi. Na sahani yako isirudi tupu. Amina.