Anayemimina Aonje Kwanza

Binti yangu alipopata kazi ya uuguzi alinitoa Irving tunakoishi akanipeleka Dallas, kwenye mgahawa wa Kibelgiji wanakotengeneza bia yao wenyewe. Mimi niende kula kwa Wabelgiji? Hao ndio waliokuja kwetu Burundi wakatugawa, mpaka tukaja kuuana. Lakini siku ilikuwa yake, nikaingia.

Mwenye mgahawa, mzee wa Kibelgiji, alinimiminia bia kidogo, akasimama akingoja. Nami nikangoja. Kwetu anayekupa pombe huionja kwanza mbele yako, ujue haina sumu. Nikamrudishia glasi.

"Onja wewe."

"Mama, jamani, wewe ndiye wa kuonja, useme kama umeipenda! Ndiyo desturi yao."

"Desturi gani hiyo, ya wauaji?"

Binti akainamisha kichwa, machozi karibu yamtoke. Kisha akamweleza yule mzee kwa Kiingereza. Nilidhani atatufukuza. Akacheka, akanywa yote, akapangusa povu kwenye sharubu, akanimiminia tena.

Hapo nikachanganyikiwa kabisa. Baba yangu wa ubatizo alikuwa akimwonjea baba pombe kila tulipomtembelea, na ndiye aliyewaonyesha wauaji mlango wetu. Sasa huyu Mbelgiji ameonja. Ni mtu mwema, au ana kiu tu? Kumwamini sikuweza, na kumkatalia pia nikashindwa, maana mtoto alikuwa ananitazama.

Nikanywa. Binti akanisogezea kome wa baharini na chipsi, akajipangusa macho.

"Umeona, Mama? Hujafa."

"Bado," nikamwambia. "Ngoja tufike nyumbani."