Vimkate vya Mgando

Jibini ikianza kunukia kwenye oveni yangu, namwona mama akipalia makaa juu ya mfuniko wa sufuria. Alioka vimkate vya kupeleka kwenye sala ya jumuiya, ndani maziwa ya mgando yaliyochujwa, chumvi na kitunguu.

Watoto wenzangu waliziba pua. "Nani kaleta hivi?"

"Sijui," nikasema, mama akiwa nyuma yangu.

Kwetu chakula kisichojulikana mwenyewe hakiliwi. Hakuna aliyegusa, na mama hakunisuta. Tulirudi na sinia limejaa.

"Lete nibebe, ng'wanone, mwanangu," akaniambia njiani. "Umechoka."

Leo ofisini vyangu vimeisha kabla chai haijapoa. Wenzangu wakaniuliza nani kanifundisha.

Nikasema nimejifunza mtandaoni.