Majivu Kwenye Kitalu cha Misonobari

Sijui kama ninafaa kuandika habari za miti. Nilisoma miaka minne tu kwa mapadri, na machache niliyojua juu ya mimea yaliniingia kwa kukosea. Lakini haya niliyaona kwa macho, na kosa la kwanza lilikuwa langu, basi nianze nalo.

Wabelgiji walikuwa bado wanatawala, nami nilifanya kazi kwenye kitalu cha miti nje ya Kolwezi. Tuliotesha misonobari, ambayo kwenye kambi ya wafanyakazi tuliita sapini, ili siku moja mbao zake zitumike mgodini. Tulikuwa wawili: mimi wa kupanda mbegu, na mzee mmoja kutoka kaskazini ya Katanga, wa kumwagilia. Juu yetu alikuwepo mzungu wa kitalu, mtu mwepesi wa hasira, ila hakuwa mwongo.

Ndiye aliyetufundisha kwamba sapini haitoi ua wala tunda. Ina koni, ngumu kama mti wenyewe, na mbegu zimelala wazi juu ya magamba yake, mbili mbili, kila moja na ubawa mwembamba. Vumbi la koni za kiume hubebwa na upepo, kisha koni ya kike hukaa karibu miaka miwili mpaka ikomae. Alisema miti ya namna hii ilikuwepo duniani kabla ua la kwanza halijachanua.

"Na nyuki ba zamani," mzee akauliza, "balikuwa banakulaka nini?"

Mzungu alifikiri, akasema hajui. Nilimheshimu kwa jibu hilo.

Mbegu zilipofika nilitengeneza tuta kama mama yangu alivyotengeneza shamba la ulezi. Nilikusanya matawi, nikayachoma juu ya udongo, nikachanganya majivu. Kwetu udongo uliopita motoni ndio udongo safi. Sikumwuliza mtu. Mbegu ziliota vizuri, kila mche umebeba ganda lake kichwani kama kofia. Halafu, katikati ya kiangazi, sindano zikageuka njano, nyingine zambarau, na miche ikakoma kukua.

Mzungu alitazama, akamgeukia mzee. "Maji haitoshi. Mvua ya kwanza ikikuta miche iko hivi, unatoka kazini."

"Mi ninatiaka maji asubui na mangaribi, bwana."

Mzungu alikwisha kwenda. Kutoka kazini maana yake ilikuwa kutoka pia kwenye nyumba ya kambi, na mzee alikuwa na wajukuu ndani.

Nilinyamaza siku tatu. Nilijiambia sina hakika kama ni majivu, na kweli sikuwa na hakika. Lakini niliogopa pia, nami nilitumia lile la kwanza kuficha la pili. Siku ya nne nikamwambia mke wangu. Alikuwa analoweka bowa, uyoga wa porini uliokaushwa.

"Bowa tunatafutaka fasi gani?" akaniuliza. "Mu pori, chini ya miti. Ulisha kuona bowa mu shamba ya majivu?"

"Bowa na sapini inaingiliana wapi?"

"Mi sijue. Miti na bowa binakaaka pamoja. Ile miti yako imetoka mbali, imefika peke yake, na wewe unaichomea hata udongo. Na wewe njo mwenye kujua kusoma."

Jumapili nilipanda treni ya Mutshatsha mpaka kwenye misheni moja yenye safu ya misonobari ya zamani. Bruda mmoja wa pale aliniruhusu kuchimba. Chini ya miti ile hakuna aliyefagia wala kumwagilia, na katikati ya sindano zilizooza miche ilikuwa imejiotea yenyewe, kijani kabisa. Niling'oa mmoja. Mizizi yake ilikuwa mifupi, imegawanyika kama uma, imevikwa nyuzi nyeupe, na udongo ulinukia uyoga. Nikajaza gunia.

Katika treni mama mmoja mwenye makaa alichungulia gunia langu, akaniita tata, yaani baba. "Tata, kwenu kumekosa udongo?"

"Iko, mama. Ila niliichoma."

Behewa zima likacheka.

Jumatatu nilimwambia mzungu, mzee akiwa amesimama pale pale: majivu ni yangu, maji yake hayana kosa. Mzungu akauliza mbona sikusema mapema. Nikasema niliogopa.

"Njo maana ulikuwa hauniangalie mu macho," mzee akasema.

Mzungu hakulegeza neno lake juu ya mzee. Alitaka kuona kijani kabla ya mvua. Basi nusu ya tuta nikaitia udongo wa misheni, nusu nikaiacha, na pembeni nikapanda mbegu chache kwenye udongo usiochomwa. Mzee alimwagilia zote sawa, mzungu akimtazama, kwa sababu nilimwomba atazame.

Ile ya pembeni nayo iligeuka njano, ingawa si sana. Kwa hiyo majivu hayakuwa kosa lote, na siwezi kusema yalikuwa sehemu gani. Lakini nusu yenye udongo wa misheni ilitoa sindano mpya, na mawingu yalipoanza kukusanyika ilikuwa imesimama kijani. Nilimwomba mzungu aandike kwenye taarifa yake kwamba neno la uyoga lilitoka kwa mke wangu. Aliandika "wenyeji". Zaidi ya hapo sikupata.

Mzee akabaki kazini. Mimi niliondolewa kwenye mbegu, nikapewa kubeba udongo na kusaidia maji, nami naona ilikuwa haki. Hakunishukuru, angenishukuru kwa nini? Asubuhi ya kwanza alinikabidhi mkebe wake wa kumwagilia, akakaa kwenye ukingo wa tuta, akanionyesha kwa kidole kila mche niliouruka.

"Pale, tata," alisema. "Na pale."