Fomu za Siku Kumi na Nne

Maureen alikuwa mtu wa fomu. Katika miaka kumi na sita aliyofanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Thornton Heath, kusini mwa London, hakuna karatasi yake iliyowahi kurudishwa kwa kukosewa. Mzee akianguka, aliandika saa, mahali, alichosema, na jinsi mboni za macho yake zilivyokuwa. Wafanyakazi wapya walipelekwa kwake wafundishwe. Alikuwa mzaliwa wa Kitale, mjane tangu mwanawe wa pekee, Allan, alipokuwa na miaka mitano, na umakini huo ndio uliomlisha na kumvisha mtoto katika mji ambamo hawakuwa na ndugu.

Allan alikuwa na mwili mkubwa tangu utotoni. Mwalimu mmoja alimpa mpira wa raga akiwa na miaka kumi na moja, na alipofika kumi na tano barua ikaja. Alikuwa amechaguliwa kuingia akademia ya kanda, mahali ambapo klabu ya wachezaji wa kulipwa hukusanya vijana wa kusini mwa London na kaunti za jirani, ikawakuza na kuwapima, kisha wanapomaliza shule ikawapa mkataba watatu tu. Kundi la Allan lilikuwa na vijana thelathini na mmoja. Maureen aliisoma barua hiyo jikoni, akajiambia kwamba kati ya hao watatu mmoja ni wake.

Maisha ya nyumbani yakageuka. Makocha walitaka Allan aongeze kilo kumi ili asimame mstari wa mbele wa skramu, pale timu mbili zinaposukumana mabega kwa mabega, basi mama akapika mara sita kwa siku, ugali na mayai na kuku, akasimama pale mezani mpaka sahani iishe hata kijana aliposema ameshiba. Alibadilishana shifti na wenzake ili ampeleke mazoezini mara tatu kwa wiki, treni mbili na basi moja. Kanisani Wakenya wenzake walianza kumwita Mama Raga. Alijifanya halipendi jina hilo.

Januari ya mwaka wa mwisho, goti la mwenzake lilimpiga Allan kando ya kichwa mazoezini. Komal, dada kijana aliyekuwa akishughulikia majeraha ya wachezaji, alimtoa uwanjani palepale. Sheria ilikuwa wazi. Asicheze mechi kwa siku ishirini na moja, na kumi na nne za mwisho zipite bila dalili hata moja. Kila jioni yeye na mzazi wake wangejaza fomu kwenye simu, waseme kama kichwa kinauma, kama mwanga unamsumbua, kama analala, kama anasahau. Maureen alitazama kalenda. Siku ya ishirini na tatu kulikuwa na mechi kubwa kuliko zote za msimu, na makocha wa timu ya wakubwa walikuwa wanakuja kutazama.

Wiki ya kwanza alijaza ukweli. Ili hesabu ikubali, dalili zilitakiwa ziishe siku ya nane, nazo hazikuisha. Allan alishinda chumbani, pazia limefungwa. Alitapika sinkini. Siku ya nane, akitoka shule, alisimama barabara kuu, mita mia mbili kutoka kwao, asijue nyumbani ni upande gani. Siku hiyohiyo kazini mzee mmoja, Bwana Kailash, aligonga kichwa kwenye beseni, na Maureen akaita ambulensi kabla hata hajamkalisha kitini. Meneja wake alimsifu mbele ya wote. Jioni akarudi nyumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda cha mwanawe, akafungua simu.

Allan alimwambia, kwa Kiingereza chake cha London na kwa sauti ya chini, kwamba ni afadhali wamwambie Komal.

"Ukimwambia, wataweka mwingine mahali pako," Maureen alisema. "Na huyo mwingine hatatoka."

"Mum, herufi zinacheza. Siwezi kusoma."

"Basi usisome. Nitakusomea mimi."

Akamsomea swali moja baada ya jingine, na kwa kila moja akabonyeza hapana. Alifanya hivyo jioni kumi na nne mfululizo.

Komal alipiga simu akishangaa dalili zote zimeishaje kwa siku moja. Maureen alimjibu kwamba yeye huhudumia wagonjwa kila siku na anajua anachokiona. Komal, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka ishirini, akaomba radhi kwa kuuliza. Daktari wa klabu naye alipompima, Allan alijibu kama alivyofundishwa.

Mechi ilichezwa asubuhi ya baridi kali. Pigo la dakika ya kumi na tisa halikuwa hata kubwa, bega tu la mtu aliyekuwa akikimbia. Allan aliinuka, akatembea taratibu, akaenda kujipanga na wapinzani. Wazazi wakacheka. Maureen alicheka kuliko wote, ili ionekane ni utani. Kisha kijana akaketi kwenye nyasi, akalala ubavu, na mkono wake wa kushoto ukaanza kutikisika.

Damu ilikuwa imevujia kwenye ubongo. Hakupasuliwa, lakini alilazwa siku tisa. Daktari wa wodi alipouliza ilikuwaje akaruhusiwa kucheza, Allan alisema, maneno yakiburuta, kwamba alimdanganya mama yake na fomu alijaza peke yake. Daktari akamkemea. Alimwambia ameponea chupuchupu kwa upumbavu wake mwenyewe, na amtazame mama yake alivyokonda kwa hofu. Maureen alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, ameshika koti la mwanawe. Daktari alipomaliza, alilikunja koti, akaliweka kitini.

Machi meneja wa akademia aliwaita ofisini. Aliwakaribisha kwa heshima, akaeleza kwamba Allan hatapewa mkataba, akawapa namba ya mtu wa kuzungumza naye wakijisikia vibaya. Yote yalichukua dakika nane.

"Na asijilaumu kwa mechi ile," akaongeza, akidhani anamfariji mama. "Haikubadilisha lolote. Majina matatu tuliyapitisha kabla ya Krismasi."

Maureen aliuliza, kama ni hivyo, kwa nini walimchezesha.

"Tulipungukiwa na watu wa mstari wa mbele," meneja alisema. Alisema hivyo bila ubaya wowote, akainuka kuwafungulia mlango.

Kwenye maegesho Komal aliwafuata. Alisubiri Allan atangulie kuelekea kituo cha basi, akamuuliza Maureen fomu zile zilijazwa na nani.

"Mwanangu," Maureen akajibu.

Allan hakufanya mtihani wa mwisho wa shule. Akisoma zaidi ya dakika kumi kichwa kinampasuka. Siku hizi hupanga maboksi katika stoo ya duka moja asubuhi tatu kwa wiki, amevaa miwani myeusi, na chakula hula chumbani kwake. Mama alijaribu mara moja kumwomba msamaha, akiwa amesimama mlangoni na sahani mkononi.

"Mum, nilikuwa na miaka kumi na saba," kijana alimwambia. "Ningefanya lolote ambalo ungeniambia." Akaichukua sahani, akafunga mlango.

Kiangazi, Angélique, Mkongomani anayesali na Maureen, alimpigia simu kwa furaha. Mwanawe Kizito alikuwa amepata barua ya akademia ileile, na mama huyo hakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza.

"Mama Allan, ile fasi iko muzuri kwa mutoto?"

Kanisani watu walijua tu kwamba Allan aliumia. Kusema hapana kungetaka sababu, na sababu hiyo ingefika kwa kila mtu kabla ya Jumapili. Maureen aliwaza hayo yote kwa muda mfupi tu.

"Ni pazuri," alisema. "Wanawatunza sana. Mpeleke."

Angélique alimshukuru mno, akambariki. Jumapili hiyo mchungaji alimsimamisha Kizito mbele ya watu, amevaa koti jipya la akademia, na Maureen akawa wa kwanza kumpigia makofi.